Tangazo la Kifo cha Mzee Kaviha

Kazi ya kwanza ya Linda ambayo babake aliitazama kwa macho mawili ilikuwa tangazo la kifo chake mwenyewe. Alilitazama akiwa mzima wa afya, kofia kichwani, huku nusu ya watu waliokuja kumlilia wamekimbilia nyuma ya choo. Leo ukisimuliwa utacheka. Siku ile, pale Utange, hakucheka mtu.

Linda Kaviha ana ugonjwa wa herufi. Hivyo ndivyo mamake, Margret, anavyowaeleza majirani, na hajatokea wa kumpinga. Watu wengine wakipita mbele ya duka husoma bango na kujua kunauzwa nini. Linda husimama. Hutazama B ya buchari ilivyofura tumbo, hutazama mchoraji alivyoishiwa na nafasi akazibananisha herufi za mwisho, kisha hutoa simu na kupiga picha. Hapigi picha ya nyama wala ya mwenye nyama. Anapiga ile B. Mwenye buchari mmoja wa Bamburi aliwahi kumfukuza na panga la kukatia mifupa akidhani ni kanjo, askari wa kaunti, ametumwa kutafuta mabango yasiyo na leseni. Linda alikimbia, lakini picha alikuwa ameshaipata, na mpaka leo anaringa nayo.

Ugonjwa huo ndio uliompa kazi. Alikuwa ametafutiwa nafasi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya ufuoni, na mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameshamsemea vizuri. Linda akaikataa, akaenda kwa Jalila, mwanamke mwenye duka la uchapishaji huko Bamburi, akakaa mbele ya kompyuta na hakuinuka tena. Kadi za harusi, mabango ya makanisa, fulana za chama cha akina mama, orodha ya vyakula vya kibanda cha chipsi, vyote vilipita mikononi mwake. Jalila alimpenda kwa sababu wateja waliokuja wakiwa na haraka waliondoka wakiwa wameridhika. Alimlaumu kwa sababu hiyo hiyo, maana Linda aliweza kusogeza herufi moja kushoto, kulia, kushoto tena, mpaka mteja akasinzia kwenye kiti.

Babake alikuwa na maoni mengine. Mzee Kaviha wa Gona alikata mawe katika timbo la Utange tangu ujanani mpaka mgongo ulipogoma, na sasa analinda nyumba ya mtu inayojengwa kando ya barabara. Si mtu wa ukali. Hakumpiga binti yake wala hakumfukuza. Alikataa tu kutazama. Linda akileta kadi ya harusi nyumbani, mzee anaipokea, anasoma jina la bwana arusi, anasoma la bibi arusi, anaigeuza na kuiweka mezani kifudifudi. "Herufi ni za kusomwa, si za kutazamwa," anasema. "Nikishaelewa, nitazame nini tena?" Hata lile bango kubwa la kanisa lao, ambalo Linda alilitolea jasho na ambalo mchungaji alilisifu mbele ya waumini wote, mzee alikaa chini yake Jumapili nzima amefumba macho. Mkewe alisema anasali. Linda alijua hasali.

Ilimuuma, na tusifiche. Wateja wangeweza kumsifu usiku kucha, lakini akirudi Utange na kuona ile kadi imelala kifudifudi mezani, sifa zote zilikuwa bure. Alitaka kitu kimoja tu: babake atazame, mara moja, hata kama baada ya kutazama atasema ni takataka.

Sasa ikaja habari ya matangazo ya tanzia. Unayajua. Yana mshumaa upande mmoja, njiwa mweupe upande wa pili, waridi huku chini, na nyuma kabisa ngazi inayopanda mawinguni. Kila maiti wa Kisauni hupandishwa ngazi ile ile. Siku moja Jalila aliyapanga matano kwenye kaunta akayatazama kwa huzuni.

"Linda, wallahi hawa watu nawajua. Huyu alikuwa mkali, huyu mcheshi, huyu mama alikuwa hashindwi na neno. Mbona wamekufa wakawa mtu mmoja?"

"Ni kwa sababu ya herufi," Linda akasema. "Ukiondoa picha, hakuna kinachowatofautisha."

"Basi nitengenezee la kwetu. Lisiwe na njiwa. Nimechoka na njiwa."

Linda alikuwa akisubiri kuambiwa hivyo. Kwa muda mrefu alikuwa anajaribu kuchora herufi zake mwenyewe, alfabeti nzima, ili siku moja aziweke kwenye kompyuta na ziitike akibonyeza. Zilikuwa hazitoki. Alichora A, akagundua ni ya bango la duka la dawa. Alichora R, ikawa ya gunia la unga. Kila kitu alichokipenda kilikuwa kimeingia kichwani kikakaa, na hakuna chake hata kimoja.

Halafu alasiri moja mvua ikanyesha, stima zikapotea, na yeye akakaa pale kaunta na kalamu nene na kipande cha katoni. Mkono ukachora K. Mgongo wa K ile ulisimama wima, mnene. Mkono wa juu ulikuwa mfupi, kama umekatwa. Mguu wa chini haukuugusa mgongo kabisa. Ulianzia hewani, ukaacha mwanya mdogo, kisha ukatupwa mbele, mrefu kupita kiasi, ukiburura chini ya herufi ambayo ingefuata. Linda aliitazama mpaka stima ziliporudi. Ilikuwa K yenye kiburi na yenye upole. Kutoka kwayo zikazaliwa nyingine zote: A yenye mwanya, R inayotupa mguu, V iliyokatwa mkono. Kila moja alipoichora aliiuliza ile K, na ile K ilijua.

"Mashallah," Jalila akasema alipoziona zote. "Umezitoa wapi hizi?"

"Zimekuja tu."

Lakini jibu hilo halikumtulia moyoni. Mtu mwenye ugonjwa wake anajua kwamba herufi haziji tu. Alipekua picha zote za mabango katika simu, kuanzia Mtwapa mpaka Changamwe, akitafuta aliiba wapi. Hakuona K ile popote.

Basi akatengeneza tangazo jipya. Halikuwa na njiwa wala ngazi. Ni picha, nafasi nyeupe ya kutosha, na jina kubwa katikati kwa herufi zake mpya. Lakini jina la nani? Alijaribu "Fulani wa Fulani" na herufi zikakaa zimenuna. Alijaribu majina ya wanamuziki na ya watakatifu. Mwishowe, bila kuwaza, akaandika KAVIHA WA GONA, na jina likainuka kwenye skrini utadhani lilikuwa limelala likaamshwa. K ikatupa mguu chini ya A, V ikaegemea vizuri, na Linda akashangilia peke yake. Akatia na picha ya babake aliyompiga kwenye harusi moja ya jamaa, akiwa amevaa koti la kuazima. Chini kabisa, kwa herufi ndogo ndogo za adabu, akaandika: sampuli. Akamtumia Jalila kwenye simu, akarudi nyumbani.

Hapa ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa la watu wa kazi ile peke yao. Mtu mwingine akiliona jina la babake juu ya tangazo la kifo, nywele zitamsimama. Linda hakuona kifo. Aliona mwanya kati ya K na A. Na Jalila, ambaye angepaswa kumzuia, naye aliona kazi safi tu. Akaiweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp ili wateja waione. Changawa, binamu yake Linda, akaiona huko alikokuwa. Akapiga picha ya skrini, akakata kando kando ili uso wa mjomba wake uonekane vizuri, akaituma kwenye kikundi cha ukoo. Lile neno dogo la chini lilikatwa likabaki nje.

Jumamosi asubuhi Linda alikuwa uani anafua. Mamake alikuwa ameondoka mapema kwenda soko la Kongowea. Babake alikuwa ametoka kwenda kulinda ile nyumba, na simu yake ndogo ameiacha mezani kama kawaida, maana, asema yeye, jengo halipigi simu. Simu ya Linda ilikuwa ndani inachajiwa, imenyamazishwa.

Kilio kilianzia barabarani. Linda aliinua kichwa akidhani ni msiba wa majirani, akawa anajiuliza ni nyumba ipi. Kisha akamwona shangazi yake, Mama Changawa, dada mkubwa wa babake, aliyetoka Ziwa la Ng'ombe. Alikuja miguu mitupu, viatu mkononi, leso imefungwa kifuani, na nyuma yake kundi la wanawake na wazee wa ukoo.

"Kaviha wee! Kaviha wa mama! Umeniacha na nani?"

Akajitupa chini pale pale, kwenye matope ya maji ya sabuni, akagaagaa.

Linda alibaki na shati la babake mkononi, linachuruzika. Aliwaza ile nyumba inayojengwa. Aliwaza ghorofa ya pili ambayo haijakauka, na babake ambaye hupenda kukaa chini yake kwenye kivuli. Hakuuliza chochote. Alipiga ukunga ambao majirani wa mbali waliusikia. Alilia kweli. Aliliweka lile shati usoni akalia ndani yake, akafikiria kwamba sasa ndiyo basi, hatatazama tena kitu chochote.

"Amefia wapi, shangazi?" akauliza alipopata sauti. "Yuko wapi? Nipelekeni!"

Mama Changawa akanyamaza ghafla. Akaketi, matope usoni, akamwangalia.

"Waniuliza mimi? Si wewe ndiwe uliyetutangazia?"

"Mimi?"

Shangazi akaingiza mkono kifuani, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka, akampa. Na pale juu ya kile kioo, akiwa amevaa koti la kuazima, babake alikuwa anamtazama. KAVIHA WA GONA.

Kwanza moyo ulimruka kwa furaha, kwa muda wa kupepesa jicho: hajafa. Hakuna kilichoanguka. Kisha akaelewa, akakaa juu ya beseni la nguo. Na kwa aibu kubwa, maana mgonjwa ni mgonjwa, aliona kwamba herufi zilikuwa zimependeza hata kwenye kioo kilichopasuka.

"Shangazi," akasema, "hii ni sampuli."

"Ni nini?"

"Ni mfano. Wa kuonyesha wateja. Baba hajafa. Baba yuko kazini."

Mama Changawa akaweka mikono kichwani. "Jamani mtoto amechanganyikiwa! Mshikeni! Mshikeni, hajui asemalo!"

Wakamshika. Wanawake wawili wenye nguvu wakamkalisha mkekani, mmoja akampepea na leso, mwingine akamnywesha maji kwa lazima. Kila aliposema "Baba yuko hai," kilio kilizidi, maana hakuna kinachowatoa watu machozi zaidi ya binti anayekataa kukubali. Mtu akaanzisha wimbo wa kanisani. Vijana wakafika na vyuma vya hema. Changawa, ambaye ndiye aliyeuwasha moto huu, alikuwa katikati ya uwanja anaelekeza jiko liwekwe wapi. Jalila alikuja juu ya pikipiki, buibui limejaa upepo, akipiga kelele tangu mbali, "Ni sampuli! Wallahi ni sampuli, jamani!" Wakamkalisha naye mkekani, wakampa maji.

Katikati ya vurugu hiyo akaingia mzee Boga, akisukuma wilbaro. Yeye na Kaviha walikata mawe pamoja, bega kwa bega, tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi. Ndani ya wilbaro kulikuwa na jiwe moja la timbo, limefunikwa gunia. Boga alikuwa analia bila sauti.

"Ni lake," aliwaambia wazee. "Ni katika yale ya mwisho aliyoyakata kabla mgongo haujamwacha. Nililitia kwenye ukuta wa banda la kuku. Leo nimeubomoa. Liwekwe kichwani kwake, tumjue alipolala."

Wakamshukuru, wakaiacha ile wilbaro kando ya mlango. Linda hakuiangalia. Alikuwa anaangalia njia ya nyuma, kwa sababu njiani kule, kati ya migomba, mtu alikuwa anakuja mbio.

Mzee Kaviha hakuwa amekimbia kwa miaka. Mpita njia alikuwa amemwambia, bila kujua anaongea na nani, kwamba kwa mkata mawe mmoja huko ndani kuna msiba. Mzee aliacha lango la watu wazi akakimbia na mgongo wake mbovu, na njia nzima alikuwa na majina mawili tu kinywani. Alitokea uani, akaliona hema, akawaona ndugu zake wote, akamwona dada yake ana matope.

"Ni nani?" akasema. Hakuweza hata kupaza sauti. "Ni Margret? Niambieni. Ni Linda?"

Ukaja mvurugo ambao Utange haijaona tena. Mwimbishaji alikimbilia nyuma ya choo, wanawake wakamfuata. Kijana aliyeshika chuma cha hema alikiachia, hema likawaangukia wazee waliokuwa chini yake, nao wakawa wanapiga mayowe humo ndani. Mama Changawa hakukimbia. Alibaki amekaa, mdomo wazi, akimtazama mdogo wake.

Lakini mzee Kaviha hakuwaona hao. Alikuwa amemwona Linda mkekani, mzima, mashavu yamelowa. Akasimama akamtazama kana kwamba amerudishiwa kitu alichokuwa ameshakizika njiani. Akachuchumaa, akashika kichwa cha binti yake kwa mikono miwili, akasema, "Wewe hapa. Wewe hapa." Na Linda, aliyemlilia asubuhi ile ile, alisema tu, "Baba, nisamehe," na mzee hakujua asamehe nini.

Aliambiwa. Aliambiwa na watu wote kwa wakati mmoja, kila mtu na hasira zake, maana hofu ilipowatoka kitu kilichobaki kilikuwa hasira.

"Amekuandika maiti!" Mama Changawa akapiga kelele. "Binti yako wa kumzaa! Nimegaagaa kwenye matope mimi, umri huu!"

"Kulilia mtu aliye hai si mchezo," mzee mmoja akasema akijitoa hemani. "Hili lazima tulikalie kikao."

"Kompyuta hiyo itupwe," mwingine akasema. "Tangu mwanzo nilisema."

Linda aliinamisha kichwa. Alijua kikao kikikaa, kitakachoamuliwa ni kwamba hatarudi Bamburi tena, na kwamba babake, mtu mtulivu, atakubali ili ukoo upoe.

"Nipeni hiyo simu," mzee Kaviha akasema.

Akapewa. Akatafuta miwani mfukoni, akaivaa. Akasoma midomo ikicheza: Kaviha wa Gona. Linda alisubiri aigeuze simu na kuiweka kifudifudi. Hakuigeuza. Alikwisha kusoma, lakini macho hayakuondoka. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu. Watu walianza kutazamana.

"Inakuzwaje?" akauliza.

Linda akanyoosha vidole viwili, akapanua picha mpaka uso wa babake ukatoka na herufi moja ikajaa kioo chote.

"Hii," mzee akasema. Aligusa pale palipo na mwanya, kati ya mgongo na mguu. "Hii nani alikuonyesha?"

"Hakuna, baba. Nimeichora mwenyewe."

"Hii?"

"Imekuja tu."

"Haikuja tu," mzee Kaviha akasema.

Akainuka, mkono kiunoni, akaenda kwenye ile wilbaro, ambayo Boga alikuwa ameshamwambia imebeba nini. Akatoa gunia. Akamwita Boga amsaidie, na wale wazee wawili wakaligeuza lile jiwe polepole mpaka upande wa chini ukaja juu.

Juu ya jiwe, kwa oili chafu iliyoingia ndani mpaka haiwezi kutoka tena, palikuwa na K. Mgongo wima, mnene. Mkono mfupi. Mguu haugusi mgongo, unaanzia hewani, umetupwa mbele mrefu kupita kiasi, mpaka ukingoni mwa jiwe.

Linda alifunika mdomo. Ilikuwa ni ile ile, hata ule unene wa mgongo, hata pale mguu unapoanza kwa woga kidogo kabla ya kujitupa. Alikuwa ameitafuta kuanzia Mtwapa mpaka Changamwe. Alihisi amekutwa amevaa nguo ya mtu mwingine mbele ya mwenyewe, na mwenyewe hakasiriki.

"Kila mkataji alikuwa na alama yake," babake akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa. "Mawe yalikuwa yanachanganyika. Nilikuwa naponda ncha ya ufito, nachovya kwenye oili. Ufito ukiinuka ulikuwa unaruka hapa, ndiyo maana pana mwanya. Na mguu niliurefusha kusudi. Kona ya jiwe ikivunjika, mguu ubaki, nijulikane." Akamgeukia Linda. "Ulikuwa ukiniletea chakula. Hujaanza shule hata. Unakaa juu ya mawe yangu unapitisha kidole hapa, mara mia, mpaka mamako anakusugua kwa mafuta ya taa. Nilidhani unacheza."

Na hapo ikamrudia. Si yote. Joto la jiwe chini ya mapaja, harufu ya oili, vumbi jeupe, na kidole chake mwenyewe kinashuka, kinapanda, kinaruka, kinaburura. Machozi yakamtoka upya, na haya hayakuwa ya asubuhi.

"Umenitazama wewe kabla mimi sijakutazama," mzee akasema. Mtu ambaye hakulia mgongo ulipogoma alivua miwani akafuta macho mbele ya ukoo mzima, na wanawake waliokuwa wanarudi kutoka nyuma ya choo wakasimama pale pale walipokuwa.

Kikao hakikukaa. Si kwamba watu hawakuwa na hasira tena. Mama Changawa aliendelea kulalama mpaka jioni, na matope yake aliyaacha makusudi ili kila mtu ayaone. Lakini hema lilikuwa limeshasimamishwa tena, na sufuria zilikuwa motoni, na ni nani atakayemwaga wali? Wakala. Margret aliporudi kutoka Kongowea na kikapu chake, alikuta nyumba imejaa, hema limesimama, na mumewe anakula katikati. Akauliza ni nani anayeolewa.

Watu walipopungua, Linda alimfuata babake pale alipokaa kando ya jiwe.

"Nimeshaifuta, baba. Na Jalila amefuta. Changawa pia."

"Kwa nini?"

"Ni tangazo la kifo chako."

"Najua ni nini, nimesoma. Ungeiweka. Siku yake itafika, na sitaki ile ngazi."

Mzee aliinama akachukua ufito, akauponda ncha kwa kokoto, taratibu, kama mtu anayekumbuka. Alimwomba Boga amletee oili chafu kidogo ya pikipiki kwenye kopo. Akachovya, akamkabidhi binti yake ule ufito, na akapiga upande mtupu wa jiwe kwa kiganja.

"Mimi usiniandike tena. Nimeshaandikwa," akasema. "Andika jina lako hapa. Nataka kulitazama nikiwa hai."

Linda alichelewa kuanza. Mzee Kaviha alivaa miwani yake, akasogea karibu, akasubiri.